Moshi Unakula Mshahara



Wengine wenu watashangaa kuona gazeti la chama cha wafanya kazi likianza ukurasa wake wa kwanza kwa habari za makaa, taa na maji ya mfereji. Watauliza: Je, habari za mshahara zimekwisha? Wakubwa wamekubali madai yetu yote hata sasa tukae kuhesabu mikebe ya makaa? La, ndugu. Habari za mshahara hazikwisha, wala hazitakwisha. Lakini mshahara una milango miwili. Kuna mlango wa kuingilia, na huko ndiko tunakosimama kila mwaka tukibishana na mwajiri. Tena kuna mlango wa kutokea, na mlango huo uko nyumbani kwetu, usiku na mchana haufungwi. Mtu akilinda mlango mmoja tu, nyumba yake itakuwa tupu vile vile.

Leo twataka kuuzungumzia mlango wa pili. Siku hizi twasikia sana maneno ya kuhifadhi mazingira. Watu hukutana katika mahoteli makubwa, hunywa maji ya chupa, kisha hutuambia sisi tusikate miti. Mfanya kazi akisikia hayo husema, "Hayo ni mambo ya matajiri." Sisi twasema sivyo. Kitu kinachoharibu msitu na hewa, mara nyingi ndicho kile kile kinachomaliza fedha za mtu maskini kabla ya tarehe ishirini. Mti uliokatwa bure ulinunuliwa na mtu, na mtu huyo ni mimi na wewe.

Wazee wetu waliofanya kazi katika injini za mvuke walilijua jambo hili bila kwenda mkutanoni. Fayamani hodari alijulikana kwa moshi wake. Injini ikitoa moshi mweusi mzito, watu wa reli walijua kwamba moto hauchomi sawasawa, na kwamba mafuta yanarushwa angani bila ya kuvuta behewa hata moja. Moshi mweusi ni mafuta yaliyotupwa. Basi tazameni paa za nyumba zetu jioni. Tazameni sufuria zilivyo nyeusi. Moshi ule haukupika chakula, lakini uliulipia.

KWANZA TUSEME WAZI

Kabla hatujaendelea, twataka mwajiri asomaye gazeti hili, maana twajua kwamba hulisoma, asije akafurahi mapema. Asiseme, "Vema, wafanya kazi wamekubali kwamba shida yao ni kutojua kutumia fedha, basi hawahitaji nyongeza." Hatukusema hivyo. Mtu hawezi kuweka akiba ya kitu ambacho hakukipata. Mfanya kazi mwenye watoto wanne hawezi kubana matumizi mpaka ada ya shule igeuke kuwa ndogo.

Wale waliotutangulia walijua hayo. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa mojawapo ya sababu kubwa. Januari 1947 waligoma tena, watu wa bandari na watu wa reli pamoja na wengine wengi, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Vita vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zilikuwa juu, na mshahara haukuzifuata. Hawakugoma kwa kupenda fujo. Waligoma kwa sababu walipiga hesabu ya jikoni wakaona haitimii. Kwa hiyo hesabu ya jikoni si jambo geni katika chama. Ndiyo iliyokizaa chama.

Basi twasema mambo mawili kwa pamoja: tudai haki yetu kwa mwajiri, na tuzuie hasara iliyo katika mikono yetu wenyewe. Moja halikai mahali pa jingine.

MAKAA NA JIKO

Reli na kuni ni marafiki wa zamani. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Injini za zamani zilichoma kuni, na misitu ya mikaratusi ilipandwa ili ziweze kulishwa. Hata jiko la bati, lile la mviringo la kuchomea makaa, imeandikwa kwamba lililetwa na vibarua wa Kihindi waliokuja kujenga reli yetu. Likaenea kila mahali, kwa maana ni jepesi na bei yake ni ndogo. Lakini lina ubaya wake. Bati likipata moto hutoa joto lake nje ya sufuria, na mpishi huota moto huo kwa fedha zake mwenyewe bila kutaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walilitengeneza upya. Walichukua fikira kutoka jiko la Thailand, wakalifanya liwe na kiuno chembamba, na ndani yake wakatia udongo uliochomwa. Udongo hushika joto na kulirudisha kwenye sufuria. Leo mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, huyatengeneza majiko hayo mchana kutwa, na mlio wa nyundo zao husikika mbali. Jiko hilo likiwa limetengenezwa vizuri na likitumiwa vizuri, laweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi.

Tupige hesabu. Bei za mtaani kwenu mwazijua ninyi, sisi twatoa mfano tu. Tuseme nyumba moja hutumia makaa ya shilingi 90 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 2,700. Ukipunguza theluthi moja, shilingi 900 zimebaki mfukoni. Kwa mwaka mzima ni shilingi 10,800. Je, ni mwajiri gani aliyekupa nyongeza hiyo bila barua, bila kikao na bila kutishiwa mgomo?

Na msitu umepata nini? Makaa yachomwapo kwa tanuri ya udongo ya kawaida, kilo moja ya makaa yataka kilo tano mpaka kumi za kuni. Kwa hiyo mtu asiyechoma kilo moja ya makaa ameacha mzigo mzima wa kuni usimame msituni. Mwaka 2018 serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda mara moja, na walioumia kwanza walikuwa watu wa mkebe. Msitu ukiugua, mfuko wetu ndio wa kwanza kupata homa.

Tena kuna njia nyingine zisizotaka hata senti moja:

Loweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha kabla ya kuyapika. Yataiva upesi zaidi. Maji ya kulowekea uyamwage, upikie maji mengine.

Funika sufuria. Sufuria isiyofunikwa ni kama bwela yenye tundu: unatia moto chini, mvuke unaondoka juu.

Vunja makaa yawe madogo ya kulingana, usijaze jiko mpaka yamwagike. Chakula kikiiva, yazime makaa yaliyobaki kwa kuyafunika majivu au kuyatia katika mkebe wenye kifuniko. Kesho yatawaka tena. Usiyaache yajiungue mpaka alfajiri hali watu wamelala.

Vumbi la makaa usilitupe. Lichanganye na udongo kidogo na maji, ulifinyange madonge, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Hayawaki haraka, lakini hukaa na moto muda mrefu, nayo yafaa sana kwa vyakula vya kuchemka polepole.

Tena kuna kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au sanduku, ulijaze pande zote nguo kuukuu au blanketi lililochakaa, uache nafasi ya sufuria katikati. Wali ukichemka vizuri kwa dakika chache, uondoe motoni, uutie ndani ya kikapu pamoja na kifuniko chake, uufunike kwa mto. Utaiva wenyewe bila moto. Maharagwe nayo yawezekana, lakini ni lazima kwanza yalowekwe, kisha yachemke kwa nguvu muda wa nusu saa motoni, maana maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu ya kuumiza tumbo.

Na hapa twataka kutoa onyo. Mtu asije akaingiza jiko la makaa chumbani usiku, akafunga mlango na dirisha ili kuokoa joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jamaa wengi wamelala hivyo wasiamke. Akiba ya namna hiyo hatuitaki. Pikeni penye hewa. Hata moshi wa kila siku, mbali na gharama yake, huharibu vifua vya mama na watoto, na fedha za hospitali pia hutoka katika mshahara ule ule.

STIMA

Wale wenye stima hununua tokeni, na wengi hulalamika kwamba tokeni hukimbia. Tutazame zinakimbilia wapi. Kila chombo cha stima kina namba ya wati iliyoandikwa. Wati 1,000 zikiwaka saa moja, hiyo ni yuniti moja. Hesabu hiyo mtoto wa shule aweza kuifanya.

Glopu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 hula yuniti tisa. Taa ya LED ya wati tisa hutoa mwanga karibu sawa na ile, na kwa saa zile zile hula yuniti moja na theluthi hivi. Kwa taa moja umeokoa zaidi ya yuniti saba na nusu kila mwezi. Taa mpya ina bei kubwa kidogo dukani, lakini hudumu sana, na bei yake hurudi upesi. Mwenye taa tatu asizinunue zote siku moja kama hana fedha. Aanze na ile inayowaka saa nyingi zaidi, na fedha itakayookolewa na taa ya kwanza imnunulie ya pili.

Pasi ni mlafi kuliko taa. Piga pasi nguo za juma zima kwa mara moja, maana kila ukiiwasha upya unalipia kuipasha moto upya. Koili ya kuchemshia maji nayo ichemshe maji yanayohitajiwa tu. Mtu anayechemsha birika nzima kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai amelipia vikombe vitano ambavyo hakunywa.

Wengine huuliza kama kupikia stima si ufahari. Si lazima iwe hivyo. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutoka katika mvuke wa ardhini, maji ya mito na upepo. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhi ulianza kazi mwaka 1981. Kwa hiyo, ndugu, mvuke haukutuacha pamoja na zile injini. Sufuria ya stima yenye kubana mvuke hupika maharagwe yaliyolowekwa bila kumaliza yuniti moja. Tatizo si matumizi yake, tatizo ni bei ya kuinunua. Jambo hilo tutalirudia hapo chini.

MAJI

Nairobi yenyewe ilipata jina lake kwa maji. Ni neno la Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Leo katika mtaa ulioitwa kwa maji, mama hupanga mstari na mitungi tangu alfajiri.

Mfereji unaodondoka watu huuzoea hata wasiusikie. Fanyeni jaribio. Wekeni ndoo chini yake usiku mmoja, asubuhi mpime. Kisha mzidishe kwa siku 30. Mkiona hesabu yake, hamtahitaji hotuba. Mara nyingi ugonjwa ni kipande kidogo cha mpira ndani ya mfereji, ambacho bei yake haifiki hata mitungi michache ya maji, na fundi miongoni mwenu yupo.

Maji yaliyosuuza mboga na mchele yamwagilie mimea. Maji yaliyosuuza nguo mara ya mwisho yaoshe sakafu au choo. Na mvua inaponyesha, tusiitazame ikipita. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya paa la mita moja mraba hutoa lita moja. Basi paa dogo la mita 20 mraba, likipata mvua ya milimita 10 jioni moja, limepokea lita 200, yaani mitungi kumi ya lita 20. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati pembeni mwa paa na pipa lenye kifuniko. Mvua ya kwanza iacheni ioshe paa. Maji hayo ni ya kufulia, kuoshea na kumwagilia. Anayetaka kuyanywa ayachemshe kwanza au ayatie dawa.

CHAKULA NA VITU VYA NYUMBANI

Jina la sukuma wiki latosha kuonyesha kwamba mboga hiyo ni rafiki wa mfanya kazi. Lakini hata asiye na shamba aweza kuipanda. Huko Kibera, tangu mwaka 2008, watu wengi wamelima katika magunia, na jambo lao ni rahisi. Chukua gunia safi ambalo halikuwa na dawa wala mbolea ya chumvi. Chukua mkebe usio na matako, uusimamishe katikati ya gunia, uujaze mawe madogo. Pembeni yake tia udongo uliochanganywa na samadi. Kisha uvute mkebe juu, ujaze tena, mpaka gunia limejaa na mawe yamesimama katikati kama nguzo. Nguzo hiyo ndiyo itakayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu pembeni, upande miche humo na juu pia. Chuma majani ya chini kwanza, mmea utazidi kukua. Maganda ya viazi na mabaki ya mboga yasitupwe mtaroni, yakioza vizuri ni samadi isiyonunuliwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kubwa. Lakini watu wengi sasa hununua mfuko mpya wa kitambaa kila waendapo sokoni, kisha huurundika nyumbani. Mama zetu walikuwa na kiondo kimoja miaka kumi. Bebeni kiondo.

Nguo iliyopasuka ipelekwe kwa fundi wa cherehani kabla tundu halijawa kubwa. Kiatu kishonwe. Redio itengenezwe. Fedha unayompa fundi wa mtaani hubaki mtaani, naye kesho atakuja kupanda treni kwa nauli hiyo hiyo. Na kwa safari ambayo miguu yaweza, tutembee. Kwa safari ndefu, sisi watu wa reli hatuna haya kusema kwamba treni huvuta tani moja ya mzigo kwa mafuta machache kuliko malori. Anayeitetea reli anaitetea kazi yake na hewa ya watoto wake pia.

MASKINI HULIPA ZAIDI

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Mambo yote tuliyoyataja yaweza kufanywa na mtu mmoja, lakini mtu mmoja hufika mahali akakwama. Kwa nini? Kwa sababu kitu kizuri kina bei kubwa siku ya kwanza, ingawa ni rahisi kwa mwaka. Na kitu kibaya kina bei ndogo siku ya kwanza, ingawa ni ghali kwa mwaka.

Mwenye fedha hununua gunia la makaa. Asiye na fedha hununua kwa mkebe, na akijumlisha mikebe yote aliyonunua, amelipa zaidi ya mwenye gunia. Mwenye mfereji nyumbani hulipa kidogo kwa maji. Asiye na mfereji hununua mtungi kwa mchuuzi, naye hulipa zaidi kwa kila lita. Unga, sabuni na mafuta ni vivyo hivyo. Maskini hulipa zaidi kwa sababu ni maskini. Hilo haliponywi na mahubiri ya kubana matumizi. Laponywa kwa kununua pamoja.

Twajua kuungana kudai. Tujifunze kuungana kununua. Nyumba kumi katika landhi moja zaweza kununua magunia na kuyagawa kwa mizani, mbele ya macho ya wote. Watu kumi wakichanga kila mwezi kama akina mama wachangavyo katika vyama vyao, kila mwezi mtu mmoja apate jiko bora, au mtungi wa gesi, au sufuria ya stima, mwezi wa kumi wote watakuwa wamepata bila mkopo wa riba. Wale walio katika ushirika wa akiba na mikopo waulize kwa nini mkopo wa kununua televisheni hupatikana upesi, na mkopo wa jiko haujafikiriwa. Lakini daftari liwepo, na risiti ziwepo, na mweka hazina asomewe hesabu yake mbele ya watu. Mali bila daftari huisha bila habari.

YANAYOWAPASA WENGINE

Kuna mambo ambayo si ya mpangaji wala mama wa nyumba. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi ndiye apasaye kurekebisha bomba lililooza na kutia mfereji wa bati pembeni mwa paa. Wapangaji wakienda mmoja mmoja, huambiwa wahame. Wakienda wote kwa barua moja, husikilizwa.

Mwajiri naye ana sehemu yake. Katika kila yadi na karakana kuna taa ziwakazo mchana, mabomba yavujayo, mafuta yadondokayo na injini zinazounguruma bila kazi. Wanaojua mahali pa hasara hizo si wale walio ofisini, ni wafanya kazi. Sisi twasema: mwajiri aunde kamati ambamo wafanya kazi watasema wayaonayo bila kuogopa, na akiba itakayopatikana iandikwe, na sehemu yake irudi kwa wafanya kazi kwa mapatano. Haifai mfanya kazi aambiwe azime taa ili wenye hisa wafurahi peke yao.

Na serikali vile vile. Julai 2021 kodi ya asilimia 16 iliwekwa juu ya gesi ya kupikia, na ilipofanywa hivyo bei ilipanda, hata nyumba nyingi zikarudi kwenye makaa na kuni. Mwaka 2023 kodi hiyo iliondolewa. Jambo hilo latufundisha kwamba mstari mmoja katika sheria ya fedha waweza kukata miti mingi kuliko shoka. Kwa hiyo chama kisinyamaze bajeti inaposomwa.

MTI MMOJA ULIOPONA

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, si mbali na landhi za reli. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi iliyoenea nchi nzima na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Jambo moja katika kazi yake latufaa sana: wanawake waliopanda miche walipewa malipo kidogo kwa mche uliopona, si kwa mche uliopandwa tu. Kupanda ni siku moja, mbele ya wapiga picha. Kupona ni maji ya kila juma.

Twataka na sisi tupimwe hivyo. Tusiseme matawi mangapi yamezungumza habari hii, tuseme nyumba ngapi zimepunguza makaa baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye haya. Kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, kila nyumba iandike katika daftari la mtoto: makaa, mafuta ya taa, gesi, stima na maji, kila siku, mwezi mmoja bila kubadili chochote. Mwezi wa pili ibadili jambo moja au mawili katika haya tuliyoyasema, na iendelee kuandika. Wanaume wasiwaachie wake zao kazi hii, maana anayepika ndiye ajuaye, lakini anayekaa na kungoja chakula naye yapasa ajue kilivyopikwa. Kisha madaftari yaletwe katika mkutano wa tawi, bila majina kwa wanaotaka hivyo. Tutayajumlisha na kuyachapa katika gazeti hili.

Madaftari hayo yatatufaa mara mbili. Kwanza yatatuonyesha hasara ilipo. Pili, siku tutakapoketi na mwajiri na kutuambia kwamba maisha si ghali kama tusemavyo, tutayaweka mezani mbele yake, na kila ukurasa utakuwa umeandikwa kwa mkono wa mtu aliyekwisha kubana kila kilichobanika. Hapo ndipo atakapojua kwamba tunachodai si cha kutupwa kwa moshi.

Makatibu wa matawi watume hesabu zao kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Wahariri